Kurasa Thelathini na Mbili

Torgunn Sletvold alikuwa mfuaji wa nguo katika nyumba ya wazee ya Otta, mji mdogo wa bondeni katika nchi ya baridi, na kama kuna kazi inayomfundisha mtu asidanganywe na sura ya juu, ni hiyo. Shuka iliyokunjwa vizuri yaweza kuwa na uchafu katikati. Kwa miaka ishirini na miwili alifungua kila shuka, akaitazama, akainusa, kisha akaikubali au akairudisha kwenye mashine. Na vitabu alivisoma vivyo hivyo.

Blogu yake ya vitabu ilianza kwa sababu isiyo na fahari hata kidogo. Alikuwa amenunua kitabu kimoja mara mbili, akakisoma mpaka ukurasa wa sitini ndipo akamkumbuka mbwa aliyekuwamo. Alijionea haya, akaanza kuandika kila anachokisoma ili asisahau. Baadaye watu wakaanza kupita na kusoma, mia mbili hivi, wengi wao watu wa bondeni waliotaka kujua kama kitabu kinafaa kabla ya kutoa pesa. Mwisho wa kila uhakiki aliweka dadu, yaani alama kuanzia moja mpaka sita, sita ikiwa ya juu kabisa, kama wahakiki wote wa huko wafanyavyo. Katika miaka kumi na moja alikuwa ametoa sita mara tatu tu.

Kampuni za vitabu zilipoanza kumtumia nakala za bure, alifurahi kwa muda wa wiki moja hivi. Kisha akaingizwa katika kundi la simu la wanablogu wa vitabu, akaona wenzake wanavyofanya kazi, na tangu siku hiyo akawa mtu wa kukunja pua.

Maana kilichokuwa kikiandikwa mle hakikuwa uhakiki. Kilikuwa picha. Kitabu juu ya blanketi la sufu, pembeni mshumaa, pembeni kikombe, pembeni mkate wa mdalasini uliong'atwa mara moja tu kwa urembo. Chini yake mistari sita ya sifa, na sifa zenyewe unazikuta neno kwa neno katika barua ambayo kampuni huichomeka ndani ya nakala ya bure. Kisha dadu: sita. Kesho kitabu kingine, mshumaa ule ule haujapungua hata ukucha, na dadu: sita. Torgunn alikuwa akizitupa barua hizo bila kuzisoma, asije akaambiwa ladha kabla ya kuonja. Wenzake walisoma barua wakatupa kitabu.

Bingwa wao alikuwa Benedikte Aas wa Hamar, mwanamke wa miaka thelathini na minne, mchangamfu, mwenye wasomaji elfu tisa na sauti ya mtu anayekupa zawadi kila anapofungua kinywa.

"Dada Torgunn, wewe mkali mno," alimwambia siku moja kwenye simu. "Ulimpa yule mwandishi mbili! Mbili, jamani! Mtu ameandika kitabu kizima!"

"Na mimi nilikisoma kizima. Ndiyo maana nikampa mbili."

"Blogu ni za kueneza furaha, mpenzi."

"Furaha ya nani?"

Benedikte alicheka, akaiacha hapo.

Sasa, katika nyumba ile ya wazee alikaa Ansgar Haukdal, umri miaka tisini na miwili, hana mke wala mtoto. Alikuwa mkaguzi wa boila, ile mitungi mikubwa ya mvuke ya viwandani, maisha yake yote. Alipita kiwanda hadi kiwanda na tochi na nyundo ndogo, na hakusaini karatasi ya boila ambalo hakuingiza kichwa ndani yake. Macho yake yalipokwisha, Torgunn alianza kumsomea kila alasiri baada ya zamu, saa nane na nusu mpaka saa kumi, juu ya kahawa na kipande cha mkate wenye jibini ya kahawia. Huu ulikuwa mwaka wa nane. Ansgar naye alitoa dadu yake, na ubahili wake ulimpita hata Torgunn. Nyingi zilikuwa mbili na tatu. Tano aliitoa mara moja, halafu siku ya pili akaipunguza.

Kila Pasaka ilikuwa lazima wasome kitabu cha mauaji, kwa sababu huko Pasaka ni machungwa, theluji ya mwisho, na maiti ndani ya kitabu. Watu wanafunga nyumba, wanapanda kwenye vibanda vyao vya mlimani na begi la vitabu vya mauaji, na nchi nzima inajifungia siku tano. Kwa wanaobaki bondeni hakuna duka wala ofisi ya kupigia simu.

Mwaka huo moyo wa Ansgar ulikuwa umechoka. Daktari alikwisha sema kwamba masika ataiona, kiangazi asiahidiwe. Mzee alimwita Torgunn mwanzoni mwa Machi.

"Binti, hiki cha Pasaka kichague vizuri. Usiniletee uchafu. Sina muda wa uchafu tena."

"Lini nimekuletea uchafu?"

"Mwaka juzi. Yule mpelelezi aliyekuwa analia kila sura."

"Ulimpa mbili."

"Nilikuwa na homa. Alistahili moja."

Torgunn alicheka, lakini neno lile la muda lilimkaa kifuani. Alikuwa na vitabu vinne vya Pasaka mezani, vyote vya bure, na uwezo wa kumsomea mzee kimoja. Kwa mara ya kwanza maishani akafanya alichokuwa akikitemea mate: alifungua blogu za wenzake kutafuta ushauri. Juu ya kitabu kimoja, *Funguo Saba za Storli*, wanablogu kumi na mmoja walikuwa wamekwisha andika, na wote kumi na mmoja walitoa sita. Wote walisifu mwisho wake. "Mwisho unaokuacha kinywa wazi." "Mwisho huu sikuutarajia kabisa, kinywa wazi!" Alijiambia kwamba watu kumi na mmoja hawawezi wote kuwa wapumbavu. Kizuri chajiuza, kibaya chajitembeza. Hilo alilijua tangu utotoni, na bado siku hiyo alilisahau.

Kitabu kilianza vizuri, tuseme kweli. Mzee tajiri amekutwa amekufa ndani ya kibanda chake cha mlimani cha Storli, mlango umefungwa kwa nje, hana jeraha. Funguo wanazo watu saba. Ansgar alikaa wima kitandani kama hajawahi kuumwa.

"Kuna jiko la kuni mle ndani?" aliuliza siku ya pili.

"Liko. Linatajwa ukurasa wa kumi na mbili."

"Basi mtu atazame bomba la moshi. Likiziba, hewa ya makaa inaua mtu usingizini; nimeona watu wanne wamekufa hivyo. Wanalala wekundu, wazuri, kama wametoka kuoga."

"Mpelelezi anatazama funguo, mzee."

"Kwa sababu mjinga."

Wakaendelea hivyo siku nyingi, kurasa chache chache, maana Ansgar alikuwa anachoka upesi zaidi kila alasiri. Jumatano kabla ya Ijumaa Kuu walifika ukurasa wa mia tatu na ishirini. Mpelelezi amewaita wote saba sebuleni. Amesimama. Amesema, "Mmoja wenu aliurudisha ufunguo kabla ya theluji." Torgunn akageuza ukurasa, akakutana na ukurasa wa mia mbili sabini na tatu. Mazishi, yale yale waliyokwisha kuyasoma wiki iliyopita. Akageuza tena na tena. Kurasa thelathini na mbili za katikati zilikuwa zimefungwa mara mbili, na baada yake jalada. Mwisho wa kitabu haukuwamo.

"Mbona kimya?" alisema Ansgar.

"Kurasa zimekosewa. Nitatafuta nyingine."

"Tafuta haraka, basi," alisema mzee, akafumba macho.

Torgunn alishuka kwenye chumba cha kufulia akiwa bado ametulia. Kitabu kibovu kimoja, bahati mbaya. Wenzake kumi na mmoja wanacho kizima. Aliandika katika kundi: "Jamani, nakala yangu imekosewa, inaishia ukurasa wa 320. Nani aliua? Kuna mgonjwa anangoja, hana siku nyingi."

Majibu yalikuja mbio. Mioyo myekundu sita. Mikono iliyokunjwa kuombea. Kisha mmoja akaandika, "Pole jamani! Lakini humu tusifichuliane mwisho, kuna ambao hawajasoma!" Wengine wakaunga mkono: kweli, kweli, adabu kwanza.

"Niandikieni pembeni, basi," aliandika Torgunn. "Jina tu."

Hakuna aliyeandika. Alingoja mashine mbili za taulo zimalize. Akamwandikia kila mmoja peke yake. Wa kwanza alisema amekisahau, anasoma vingi. Wa pili alisema ni vigumu kueleza, mwisho ule lazima mtu aupitie mwenyewe. Wa tatu alisema alimpa mama yake nakala. Wa nne alituma uso unaocheka. Hapo ndipo Torgunn alipofungua tena picha ya Benedikte, mmoja wa wale kumi na mmoja, ile ya mshumaa na mkate wa mdalasini, akaivuta kwa vidole viwili mpaka ikawa kubwa. Chini ya kikombe ilionekana barua ya kampuni, na juu ya barua, kwa herufi nene, maneno haya: *mwisho unaokuacha kinywa wazi*.

Katika chumba kile alikuwa amepokea kila aina ya uchafu ambao mwili wa binadamu unaweza kuutoa, na hakuna uliowahi kumrudisha nyuma. Huu ulimrudisha.

Akampigia Benedikte.

"Ukurasa wa mia tatu ishirini na moja wa kitabu chako una nini?"

"Torgunn, mpenzi, niko njiani kwenda kibandani, watoto wako nyuma..."

"Simamisha gari. Una nini?"

Gari lilisimama, Torgunn alisikia watoto wakigombania chokoleti.

"Sawa," alisema Benedikte, na ile sauti ya zawadi ilikuwa imeisha. "Sikukimaliza. Hata ukurasa wa hamsini sikufika. Umefurahi? Napokea vitabu kumi na vinne kwa mwezi, nina kazi, nina watoto wawili. Unadhani nani anasoma vyote?"

"Basi usiandike vyote."

"Nikiacha kuandika wanaacha kutuma."

"Waache!"

"Wewe huna mtu wa kukungoja nyumbani, ndiyo maana unaona rahisi," alisema Benedikte, kisha akashtuka. "Samahani. Sikukusudia hivyo."

"Ninaye anayeningoja," alisema Torgunn. "Yuko ghorofa ya pili." Akakata simu.

Mnyonge mnyongeni, haki yake mpeni: Benedikte angalau alisema kweli alipobanwa. Wengine kumi hawakusema mpaka leo.

Mwandishi mwenyewe alikuwa kibandani kwake juu mlimani, simu imezimwa, kama mtu yeyote mwenye akili wiki hiyo. Ilibaki kampuni. Ofisi ilikuwa imefungwa mpaka Jumanne, lakini Torgunn alikuwa na namba ya Ylva, msichana wa matangazo, akampata Alhamisi saa tano asubuhi akiwa anateleza juu ya theluji, anahema.

"Aa, hizo kurasa!" alisema Ylva. "Tunajua. Waliofunga vitabu walichanganya karatasi, nakala zote za mapema zimeharibika. Ndiyo maana madukani bado hakijafika, kinachapwa upya."

"Mmejua tangu lini?"

"Februari hivi."

"Na mkanyamaza?"

"Tuliogopa sana, dada! Tukangoja mtu alalamike. Hakuna aliyelalamika. Ukaja uhakiki wa kwanza, sita. Wa pili, sita. Wote wameusifu mwisho. Bosi akasema, basi, mambo si ndiyo hayo? Tusiamshe aliyelala."

"Niambie wewe basi. Nani aliua?"

"Mimi niko upande wa matangazo," alisema Ylva kwa upole. "Vitabu vyenyewe sivisomi. Jumanne nitakutumia kurasa zote, naahidi."

Lakini Jumanne ilikuwa mbali. Ijumaa Kuu Ansgar hakula. Jumamosi asubuhi muuguzi alimwita Torgunn pembeni, akamwambia kwamba mzee anauliza jambo moja tu, kama kitabu kimepatikana.

Aliingia saa nane na nusu, kama siku zote. Ansgar alikuwa amepungua mpaka mto ulionekana mkubwa. Aligeuza uso kuelekea sauti ya kiti.

"Umekileta?"

Torgunn alikuwa amekuja na maneno mengine kabisa mdomoni. Alikuwa amekuja kusema hapana, mzee, wametudanganya wote.

"Nimekileta," alisema.

Akafungua kitabu kile kile, kwenye mazishi yale yale, akaanza kusoma kitu ambacho hakikuandikwa. Mpelelezi alisema kwamba wote wametazama mlango na hakuna aliyetazama paa. Aligeuza ukurasa pale ambapo ukurasa ungefaa kugeuzwa. Aliyefunga mlango ni mfanyakazi mzee wa nyumba, Gro, aliyekaa na familia miaka arobaini. Aliufunga kwa nje ili tajiri, ambaye alikuwa amelewa, asitoke kwenye theluji akafa. Na kabla ya kuondoka, asipate baridi yule mlevi, alisukuma bamba la kufungia bomba la moshi likaziba, joto libaki ndani. Alimwua kwa kumtunza. Na aliporudi asubuhi akamkuta mwekundu, mzuri, kama ametoka kuoga, alielewa, akaurudisha ufunguo msumarini kabla theluji mpya haijaanguka, akanyamaza.

"Bamba," alinong'ona Ansgar. "Si nilikwambia!"

"Ulisema."

"Soma tena hapo. Pale kwa bamba."

Torgunn alirudi nyuma ukurasa mmoja. Hakuwa na maneno ya kurudia, maana hayakuwa yameandikwa popote, na yaliyomtoka mara hii yalikuwa na maana ile ile lakini hayakuwa yale. Alisikia mwenyewe tofauti. Ansgar aligeuza sikio kuelekea kitabu. Mkaguzi wa boila, miaka arobaini na moja kazini, asiyesaini asichokiona ndani.

"Mwisho wa namna hii sijapata kuusikia," alisema hatimaye. "Mpe sita."

"Sita, mzee?"

"Sita. Na usiipunguze kesho."

Alifariki Jumapili ya Pasaka kabla ya chai. Kama alijua kwamba mwisho ule ulitungwa au hakujua, Torgunn hakupata kumwuliza.

Jumanne kurasa zilikuja, Ylva alitimiza ahadi. Torgunn alizisoma akiwa amesimama karibu na mashine. Muuaji alikuwa mtoto wa tajiri, aliyechonga ufunguo wa nane, na ili mambo yakubaliane mwandishi alilazimika kumpigisha simu mtu aliyekwisha kufa. Kula ng'ombe mzima, ukashindwa na mkia! Zilikuwa kurasa mbovu, za haraka, na lililomuuma zaidi ni kwamba kama angezisoma mbele ya Ansgar, mzee angetoa moja.

Usiku wa kuamkia Jumatano hakulala, na alfajiri akaandika. Aliandika yote. Kwamba nakala zilikuwa pungufu na kampuni ilijua. Kwamba watu kumi na mmoja walisifu kurasa ambazo hazikuwapo. Hakuwataja majina, lakini kila mmoja alijijua. Kisha akaandika lililo gumu: kwamba na yeye, aliyekuwa akikunja pua miaka yote hii, alikaa mbele ya mtu anayekufa akasoma mwisho ambao haukuwapo, na mtu huyo alisema, "Mwisho wa namna hii sijapata kuusikia," akatoa sita. "Sita hiyo si ya kitabu hiki," aliandika. "Kitabu hiki, sasa kikiwa kizima, nakipa tatu. Na mimi mwenyewe sijui nijipe ngapi."

Kabla ya saa sita mchana alikuwa ameondolewa kwenye kundi. Nakala za bure zilikoma. Hakuzililia.

Miezi ikapita, likaja toleo la jalada jepesi la kitabu kile, lile la bei ya chini linalouzwa madukani pamoja na maziwa. Torgunn alilikuta mwezi wa Septemba katika duka la vyakula, rundo zima karibu na mahali pa kulipia. Juu ya jalada palichorwa dadu, nyeupe, ikionyesha sita. Chini ya dadu, ndani ya alama za kunukuu: *"Mwisho wa namna hii sijapata kuusikia."* Na chini yake, kwa herufi ndogo, jina la blogu yake.

Alisimama na kitabu mkononi mpaka foleni ikasogea bila yeye. Hakuwa na la kubishania. Maneno yalikuwa yametoka kwenye blogu yake kweli, na sita ilikuwa imetajwa kweli. Mtu fulani alikuwa amefungua uhakiki wake, akapita juu ya Ansgar kitandani, akapita juu ya kurasa thelathini na mbili, akachukua sentensi moja na dadu moja, akaenda zake.

Mwanamke mmoja aliyekuwa nyuma yake, mwenye kikapu cha viazi, alinyoosha shingo.

"Hicho nimekisikia," alisema. "Wanasema mwisho wake si mchezo."

"Mwisho huo niliutunga mimi," alisema Torgunn. "Nilimtungia mzee aliyekuwa anakufa. Humo ndani haumo."

Mwanamke alimtazama, kisha akacheka kwa moyo mweupe kabisa, kama mtu aliyefanyiwa utani mzuri dukani. Akachukua nakala moja kwenye rundo, akaiweka juu ya viazi.